Nilimkata Wifi Yangu Kwenye Picha, Mkono Ukabaki

Bi Mwanamkuu, shikamoo. Safu yako nimeisoma tangu sijaolewa, nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa watu hawana mashoga wa kuongea nao mpaka waende gazetini, na leo zamu yangu imefika, kwa sababu jambo nililonalo shoga nikimwambia asubuhi, mchana Kariakoo nzima inalo. Nakuomba unisome mpaka mwisho unisaidie, majina nimebadili, ila uchovu ni wangu kabisa, nimechoka mama, nimechoka mpaka nasinzia kwenye kigoda mteja akiwa amesimama mbele yangu na kitambaa mkononi.

Nina miaka thelathini na tisa, mume mmoja, watoto wawili, na nauza vitambaa vya sare za sherehe Mtaa wa Sikukuu. Tableti nilinunua ili niwaonyeshe wateja mishono, maana mtu akiona gauni limeshavaliwa anaamua haraka, lakini humo ndani nikakuta ile programu ya kutengeneza slaidi, nikajifunza mwenyewe kidogo kidogo kwa kubonyeza na kukosea, nikamtengenezea binamu yangu picha za kuonyeshwa kwenye send-off yake, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukaniandika kazi bila kuniuliza. Kipaimara, mama Rogath atafanya. Harusi, mama Rogath atafanya, si ana tableti. Hata msiba, watu wanalia huku wananitumia picha za marehemu.

Na ninaweza, sitajifanya mnyenyekevu. Picha moja ya familia naikata mtu mmoja mmoja kwa kidole, kila mtu namweka peke yake, nyuma naweka pazia la rangi ya dhahabu, halafu nawapanga waingie kwa zamu kufuata umri, baba anateleza kutoka kushoto, mama anachomoza kutoka chini, watoto wanafuata mkubwa mpaka mdogo na MC anawataja majina, mwisho wote wanakuwa wamekaa palepale walipokaa siku walipopigwa, na ukumbi unapiga vigelegele utadhani wamefika kweli.

Sasa baba mkwe wangu, mzee Beno, alikuwa mpakia mizigo bandarini zaidi ya miaka thelathini, na mke wake, mama Scholastika, walitoka naye Masasi wakiwa vijana. Mwaka huu walitimiza miaka hamsini ya ndoa, tukawafanyia jubilei. Mzee alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno yamebaki machache, atasema maji, atasema hapana, ataita jina la mtu, basi. Watoto wa ndoa ni wawili, mume wangu Athanas na dada yake Evelyn. Na yupo Leticia, tunamwita Leti, ambaye mzee alimzaa nje, akaletwa nyumbani Ilala akiwa na miaka tisa mama yake alipofariki. Mama mkwe alimpokea, alimsomesha, hakumnyima chakula hata siku moja, lakini pia sijawahi kumsikia akimwita mwanangu. Na mzee alipoanguka, ni Leti aliyeacha biashara yake ya kupika chakula akarudi nyumbani, ndiye aliyekuwa anamlisha, anamwogesha, anamkata kucha, anamnyoosha ule mkono wa kulia kila jioni kama walivyoelekezwa hospitali.

Picha ambayo kamati iliichagua ni ya studio, ya zamani kidogo, ndiyo pekee yenye familia yote. Mzee na mama wamekaa, nyuma yao wamesimama Athanas, Evelyn na Leti, wakati huo ana kama miaka kumi na minne, ameweka mkono wake kwenye bega la baba yake.

Ijumaa moja mchana, majirani wangu wengi wamefunga wameenda kuswali, wifi Evelyn akaja dukani, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, akataka aone nilipofikia. Nikamwonyesha. Akaangalia mpaka Leti alipoingia, akaniambia, "Huyu mtoe." Nikadhani sijasikia vizuri. Akasema, "Mama Rogath, hiyo siku ni ya mama. Amevumilia miaka hamsini, halafu tumwekee aibu ya mzee ukutani, kubwa vile, mbele ya padri na watu mia mbili? Mtoe." Nikamwambia, wifi, Leti mwenyewe atakuwepo. Akajibu, "Atakuwa jikoni, ataona wapi?" Nikampigia mume wangu, nikasikia honi za malori, yeye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, akasema, "Fanyeni mnavyoona, mke wangu, mimi hapa getini sina hata pa kusimama," akakata simu.

Nikamtoa, Bi Mwanamkuu, na ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kitenge kwenye mfuko. Na hapa ndipo ninapotaka kuungama kabisa, kwa sababu hata padri sijamwambia hivi. Nilipokuwa namkata mzee, kidole changu kikawa kinafuata ukingo wa koti lake, nikafika begani, nikauona ule mkono, vidole vinne, na kimoja kina kipete cha plastiki. Niliuona. Kuutoa kulitaka niikuze picha, nilichore bega upya, nifute, nirudie, na wateja wawili walikuwa wameingia wananiuliza sare ya rangi ya zambarau, na mimi tangu alfajiri nilikuwa sijakaa chini, nikasema moyoni nani ataona, nikauacha.

Siku ya jubilei mambo yalikwenda vizuri, misa nzuri, ukumbi umejaa, sare yetu imependeza, Leti naye alikuwa ameishonesha yake, na kweli alikuwa jikoni akisimamia wapishi. MC akatangaza familia. Mzee akateleza kutoka kushoto, akakaa, na mkono begani. Mama akachomoza. Athanas akaingia, Evelyn akaingia, watu wanashangilia, halafu ikaishia hapo na mkono bado uko palepale, mkubwa vile ukutani, hauna mwenyewe. Kungeweza kupita. Lakini tuna mtani mmoja wa ukoo, mzee wa Temeke, na mtani unamjua mama, yeye hasemi kosa, akasimama na soda yake akasema kwa sauti, "Jamani, bwana harusi ameshikwa bega na nani? Au askari wamemfuata mpaka kwenye jubilei?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mzee Beno hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta. Akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akajishika begani, akasema, "Leti." Halafu akasema kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue, "Leti yuko wapi?" Akataka kusimama. Mama mkwe akainama akaangalia mapaja yake. MC akaona mambo yanaharibika, akampa ishara DJ, muziki ukapandishwa, mpaka madirisha yanatetema.

Leti alikuwa amesikia anaitwa, akadhani baba yake anataka kwenda chooni, akatokea mlango wa jikoni na sinia la ndizi mikononi. Akautazama ukuta. Akanitafuta mimi kwa macho mpaka akanipata, akaweka sinia kwenye meza ya karibu, akatoka. Tuliporudi nyumbani tukakuta begi lake halipo. Nasikia yuko Buguruni kwa rafiki yake.

Evelyn akaandika kwenye grupu la familia kwamba kamati inaomba radhi kwa hitilafu ya tableti. Mume wangu akampigia Leti akamwambia hivyohivyo, tableti ilikosea. Siku mbili baadaye Leti akanipigia mimi, hakuwa na hasira, sauti yake ya kila siku, akasema, "Wifi, wewe na mimi hatudanganyani. Ni tableti au ni wewe?" Nikamwambia, "Ni tableti, wifi." Akasema, "Haya. Pole na kazi." Hilo pole na kazi ndilo linalonitafuna, bora angenitukana.

Sasa ni wiki ya tatu. Mzee hataki kula. Ukimpelekea kijiko anafunga mdomo na kugeuza uso ukutani, anakunywa maji na uji vijiko vitatu vinne, amepungua mpaka saa haikai mkononi. Mama mkwe anashika rozari yake sebuleni kutwa, haongei, juzi tu alionja uji wangu akasema, "Wa Leti ulikuwa laini," akarudisha kikombe. Mume wangu anaondoka asubuhi anasema foleni, Evelyn anapiga simu kuuliza mzee anaendeleaje na hafiki, kwa hiyo kumwogesha mzee kumeniangukia mimi, mkwe wake, Bi Mwanamkuu, wewe unajua aibu yake, mkwe na baba mkwe wanaoheshimiana hata kupishana mlangoni, leo namvua shati. Anafumba macho. Machozi yanamtoka amefumba macho. Nikimaliza naenda dukani nimechoka kabla siku haijaanza, nikirudi naanza tena.

Na juzi Evelyn amenitumia ujumbe, anataka zile slaidi nizitengeneze upya, niutoe ule mkono vizuri, zitumwe kwa ndugu wa Masasi ambao hawakufika, na ile picha ya asili nimpelekee akaiweke yeye.

Ndiyo maana nakuandikia. Nikimwambia Leti ukweli atajua nilimkata na nikamdanganya juu yake, na mume wangu atakuwa muongo pia, na Leti anaweza asirudi nyumbani milele, mzee akatufia mikononi. Nikinyamaza, nikaenda kumbembeleza taratibu arudi, mzee atakula, nyumba itatulia, na ukweli nitamwambia baadaye mambo yakiwa mazuri. Moyo wangu unaelekea huko kwa pili, kusema kweli, maana sina nguvu tena. Nifanye nini?

Ni mimi, mkwe aliyechoka, Ilala.

*

Marahaba, mama Rogath, na pole. Pole ya kweli, si ile ya kupisha maneno. Kumvua shati baba mkwe wako ni mzigo ambao hukupaswa kubebeshwa, na waliokubebesha nitawafikia. Lakini kwanza nina neno na wewe.

Kabla ya lolote, mzee wa kiharusi ambaye wiki tatu anakula vijiko vitatu ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Leo. Weka gazeti chini, mtafutie usafiri, ukirudi utalimalizia. Nyinyi mmekaa mnasubiri Leti arudi kama vile yeye ndiye dawa, na wakati mnasubiri mtu anakauka. Huenda ni huzuni, huenda koo lake limelegea hamezi vizuri, mimi siwezi kujua kutoka huku nilipo, na wewe huwezi kujua kwa kumtazama.

Umerudi? Haya, tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakuonea huruma mara zote mbili, na mara ya pili nikakasirika pia. Umenieleza uji, umenieleza kuogesha, foleni, duka, wateja wa zambarau. Vyote nimeviona. Leti aliyeondoka na begi moja akiwa amevaa sare uliyomuuzia wewe, anaishije? Analala kitandani au chini? Amepata kazi? Kwenye barua ndefu hivi umemwekea sentensi moja, kwamba unasikia yuko Buguruni. Unasikia! Kutoka Ilala mpaka Buguruni mtu anatembea kwa miguu na kandambili. Wiki tatu hujafika.

Ndiyo maana nakuuliza, na ujijibu mwenyewe usinijibu mimi: unataka Leti akusamehe, au unataka mtu wa kumwogesha mzee? Maana ile njia yako ya pili, ya kumbembeleza kwanza na kumwambia baadaye, mimi nimeshaisoma kwa watu wengi miaka yote niliyokaa kwenye safu hii. Baadaye haiji. Atarudi, ataanza kukoroga uji, nyumba itatulia kama unavyosema, na kila siku nyumba ikitulia ndivyo utakavyozidi kuogopa kuitikisa. Mwishowe atasikia kwa mtu mwingine, jikoni, kwenye sherehe nyingine. Siku hiyo hataondoka na begi tu. Na atakuwa amewatumikia miaka mingine kwa uongo wako, hilo ndilo baya zaidi, utakuwa umemtoa kwenye picha na kumrudisha kwenye kazi.

Na kishikwambi chako mkisingizie mengine, hili hapana. Hakina wifi, hakina kinyongo, hakijui nani kazaliwa wapi. Kilikata ulipokata.

Kuhusu ule mkono, nimeona ulivyolieleza jambo hilo kwa uangalifu, uliuona ukauacha. Nahisi kuna sehemu ndani yako inatamani nikuambie kwamba uliuacha kwa sababu ulimpenda Leti. Sijui. Labda. Lakini wewe mwenyewe umesema ulichoka na wateja walikuwa wanasubiri, nami nakuamini ulivyosema. Usijitafutie sifa humo.

Twende kwa wengine, maana hukuwa peke yako.

Evelyn anasema alikuwa anamlinda mama yake. Inawezekana, na uchungu wa mwanamke aliyeletewa mtoto wa mume wake akamlea, mimi siuchezei, nimeuona karibu. Lakini katika barua yote sijaona mahali ambapo mtu yeyote alimwuliza mama Scholastika mwenyewe. Bi harusi wa siku hiyo alikuwa ni nani? Kamati ilimuuliza keki ya rangi gani, nina hakika. Hili hamkumuuliza. Yeye ndiye aliyefungua mlango mtoto wa miaka tisa akaingia, na Evelyn ndiye aliyeamua kwa niaba yake nani aonekane ukutani. Mimi sijui moyo wa mama huyo una nini, wewe hujui, na Evelyn hajui. Kaeni naye mumuulize, na mkubali jibu lake hata kama si lile mnalolitaka.

Athanas, mume wako, nina maneno naye, na naomba umsomee kwa sauti. Bwana Athanas, huyu ni baba yako. Siku ile uliulizwa swali moja ukajibu fanyeni mnavyoona, na uongo wa tableti ukaupeleka kwa dada yako kwa mdomo wako. Na sasa mke wako anamwogesha baba yako, mzee anafumba macho kwa aibu, wewe uko kwenye foleni. Malori ya bandarini yalikuwepo kabla hujazaliwa na yatakuwepo. Kuanzia kesho asubuhi unaamka mapema zaidi, unamwogesha baba yako wewe, mwanaume kwa mwanaume, mtoto kwa mzazi. Usipojua, jifunze, hata mkeo hakuzaliwa anajua.

Evelyn naye aache kuuliza hali kwa simu. Jumanne na Alhamisi aje, akae kutwa, alishe, afue. Mama Rogath, siku hizo wewe unakwenda dukani moja kwa moja na hupokei simu ya nyumbani isipokuwa mtu ameanguka. Watakunung'unikia. Waache wanung'unike. Umezoea kuandikwa kazi bila kuulizwa mpaka umeona ndiyo tabia yako, na kama ungejua kusema hapana kwenye slaidi za binamu, huenda siku ile Evelyn amekuja dukani ungekuwa na hapana moja ya kumpa.

Slaidi za Masasi usizitengeneze. Ndugu wa Masasi watumie ile picha ya studio nzima kama ilivyopigwa, wote watano, asiingie mtu wala asitoke mtu. Ya asili usimpe Evelyn. Chapisha nakala tano, kila aliyemo apate yake, na hiyo ya asili akabidhiwe mzee. Na palepale kwenye grupu mlipoandika hitilafu, andika wewe mstari mmoja: haikuwa hitilafu, Leti nilimtoa mimi na ninamwomba radhi. Jina la Evelyn usilitaje. Ana mdomo wake, na siku akitaka kuutumia utamsikia.

Lakini hiyo ya grupu ije baada ya Buguruni, si kabla. Leti asisome kwenye grupu kitu alichokuuliza kwa mdomo wake.

Jumapili hii, ukitoka misa, nenda. Peke yako. Usibebe nakala ya picha, usibebe kitenge, usibebe chakula, na wala usimchukue mzee ukamtanguliza mbele ili Leti ashindwe kukufungia mlango. Ukifika mwambie hivi: "Haikuwa tableti. Niliambiwa nikutoe, nikakubali, na uliponiuliza nikakudanganya." Ukomee hapo. Neno lakini usilitie. Nimechoka usimwambie, yeye alichoka kabla yako na hakuna aliyemwandikia gazeti. Akikufokea, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikwambia uondoke, ondoka, na huko njiani usijihurumie sana, umefanya kazi uliyoiendea.

Asipouliza habari za mzee, usimpe, maana utakuwa unamfunga kamba. Akiuliza, usizidishe wala usipunguze, mwambie ameenda hospitali, mwambie chakula anakikataa, na mwambie kazi ya kumwogesha sasa ni ya Athanas, ajue kwamba hujaja kumrudisha kwenye beseni. Na arudi au asirudi, hilo ni lake, nyumba ile ni ya baba yake kama ilivyo ya Evelyn, ataingia kwa mlango wa mbele siku atakayopenda.

Safari ya pili siyo yako. Ni ya mume wako, akishakiri uongo wake naye kwa mdomo wake, na daktari akiruhusu. Siku ile ukumbini mlipandisha muziki ili msisikie, lakini watu mia mbili walisikia, na Leti akasikia. Mzee Beno maneno yake yamebaki machache, na matatu kati ya hayo aliyatumia kuuliza mwanawe yuko wapi. Mpaka leo hakuna aliyemjibu. Yuko Buguruni. Athanas amchukulie bajaji, ampeleke.